Poti ya Zamani na Mashine ya Wanjiru

Jumatatu, 8 Oktoba 2007
Nimefagia ofisi ya kanisa, nimepanga viti, nimewasha kompyuta. Mashine ya breli, ile ya kuchapa maandishi ya nundu, imetoa takataka tena. Karatasi sita. Wanjiru, mjukuu wangu asiyeona, amepitisha vidole juu ya nundu akasema hiyo si lugha ya mtu. Mtihani wa darasa la nane ni mwezi ujao. Watoto wenye macho wananunua pepa za mitihani ya zamani barabarani hapa Rhonda. Za mjukuu wangu haziuzwi popote. Zinatoka kwa hii mashine au hazitoki.

Jumanne, 9 Oktoba
Akinyi amekuja, yule wa kwaya aliyesomea kompyuta. Anasema kompyuta yetu inaendeshwa na programu ya Linux, na mashine ni ya kitambo, inaongea kupitia poti, tundu la waya lenye pini tisa. Amefungua kompyuta kwa jina lake, mashine ikanyamaza kabisa. Kumbe jina lake halina ruhusa ya kutumia poti. Ruhusa ya nani? Kompyuta inakula stima yetu, inakalia meza yetu, halafu inatunyima.
Akajipa ruhusa. Takataka zikarudi.

Jumatano, 10 Oktoba
Poti ni mbili. Linux inaanza kuhesabu na sifuri, kwa hivyo ya kwanza ni sifuri na ya pili ni moja. Nani anahesabu hivyo? Akinyi amejaribu ya pili. Kimya. Akarudi ya kwanza. Takataka.
Anasema kompyuta na mashine lazima ziongee kwa mwendo mmoja, la sivyo hazielewani. Amejaribu kila mwendo. Mchana mzima. Nimempikia chapati, maskini, macho yamekuwa mekundu.

Ijumaa, 12 Oktoba
Akinyi anataka kufuta Linux yote aanze upya. Nimekataa. Tumerushiana maneno.
Wanjiru amesema pole pole kwamba anaweza kurudia darasa mwaka ujao. Nimemfokea. Hakula. Mimi pia sikula. Mtoto ana akili kama moto, nani atamrudisha nyuma kwa sababu ya waya?

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimefunga mashine mgongoni na leso kama mtoto, nimeenda nayo mjini kwa Mzee Singh, fundi wa cherehani. Watu wamecheka njiani. Wacheke.
Habari za kompyuta hakuuliza hata. Aligeuza mashine, akainama, akaniuliza, "Mama, nani ameshika hapa?"
Nyuma, chini kabisa, kuna vijino vyeupe vinane, vidogo kama punje za mchele, vyote vimelazwa chini. Vinaambia mashine iongee vipi, si mwendo tu. Nimemjua aliyeshika. Ni mimi. Wiki ile nyingine nilikuwa napangusa vumbi, nikaona vingine juu, vingine chini, nikavisukuma vyote chini vikae sawa. Nilidhani ni usafi.
Mzee Singh alicheka, halafu akaacha. Bila kitabu cha maelezo ya mashine hawezi kujua vilikaaje. Kitabu hatukuletewa.
Nimerudi nayo. Sijamwambia mtu. Mimi, ambaye huambia kila mtu makosa yake mchana peupe.

Jumapili, 14 Oktoba
Kanisani sikusikia neno. Baada ya ibada nimemkalisha Wanjiru kwenye benchi nikamwambia yote. Kwamba si Linux, si waya, si Akinyi. Ni mimi nyanya yako, shosho, na kitambaa changu cha vumbi.
Akanigeukia.
"Vile vijino? Si ungeniuliza, shosho."
Siku mashine ilipoletwa aliipapasa yote. Vijino kwake vilikuwa nundu kama nundu nyingine, akavisoma, akavikariri. Tumeingia ofisini. Ameinama nyuma ya meza akavipanga kwa ukucha: juu, chini, chini, juu, juu, chini, juu, chini. Wiki nzima tunahangaika, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenye mashine.
Nimeenda kwa kina Akinyi kumwomba msamaha. Amesema ataniwekea karatasi kesho.

Jumatatu, 15 Oktoba
Mashine imepiga kelele tangu asubuhi. Pepa ya sayansi imetoka yote.
Jioni Wanjiru ameshika kidole changu akakiweka kwenye mstari. Nimesikia vipele tu. Amenisomea: moyo wa binadamu una vyumba vinne.
Sikuwa najua. Nimemwambia aendelee kusoma.