Mama Hana Ruhusa

Jumanne, usiku

Hili sijamwambia mtu: huwa najirekodi nikiimba. Jana nilitaka kuifunga folda ya nyimbo zangu. Nikaandika amri ya chmod 700, yaani afungue mimi peke yangu. Kumbe nimeifunga folda ya juu yake, yenye michoro yote ya nguo anazoshonea wateja Mama.

Leo bi harusi amekaa kwenye stuli anasubiri kuchagua mshono, kompyuta ikamkatalia Mama kwenye akaunti yake. "Keza we! Iko inasema sina ruhusa. Mimi? Nyumbani kwangu?"

Nikasema labda diski imekufa. Uongo. Nikaandika ls -l, amri ya kuonyesha nani ana ruhusa, nikaona ruhusa zote ziko kwa jina langu tu.

Bi harusi akanyanyuka. "Wacha nijaribu mafundi wa soko la Kimironko." Mama alikuwa anaikunja futi yake ya kupimia, anaikunjua. Nikafungua kila kitu kwa mkupuo, 755, yaani yeyote aweze kufungua. Michoro ikatokea, mteja akakaa tena.

Kila kitu. Nyimbo pia. Nimekumbuka sasa hivi, na jioni nzima Mama alikuwa peke yake na kompyuta.

Nyayo ukumbini. Naficha karatasi hii chini ya...

Anaimba. Polepole, anakosea maneno. Ni wimbo wangu.