Jina Lililoanza na B

Waberi, Garissa

Kwa Bi. Paulina Kagendo,
Nkubu

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumai goti lako limetulia. Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku tumeshazoeana nalo. Mdogo wangu Ciku ameniambia bado unawakatia simu matapeli bila huruma. Nilicheka, lakini soma hadi mwisho.

Unakumbuka nilipohamishiwa huku ulinipa kazi moja tu: nimtafute Mjomba Patrick, kaka yako, aliyekuja kuuza miraa akapotelea huku na hakurudi hata kumzika babu. Ulisema hutaki kufa kabla hujaisikia sauti yake. Basi sikulipuuza hilo.

Hapa kwenye shirika letu la chanjo ya mifugo, kila mahali pana shiti yake ya Ekseli yenye majina ya wafugaji. Watu walikuwa wakizifungua mojamoja mpaka macho yanauma. Nikaunda fomula: unaandika jina mara moja, ikilikosa kwenye shiti ya kwanza inahamia ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho, na ikilikosa kote inaandika Hakuna. Siku hizi ofisi nzima inaitumia, wala sijivuni bure.

Nikamwomba mkubwa wangu ruhusa, nikaandika Patrick Muriuki. Hakuna. Nikajaribu tena na tena, Hakuna. Niliudhika, mama, nisijue hata nitakuandikia nini.

Mwenzangu Shurie, ambaye hunitania kwamba sisi Wameru tunasema "mbarua" badala ya barua, akaniuliza namtafuta nani. Nilipomwambia, akalirudia jina kwa ulimi wa kwao wa Kisomali, usio na P: Batrik. Tukatazamana. Makarani wetu huku huandika wanavyotamka. Nikaandika Batrik Muriuki. Fomula ikapita shiti ya Garissa, ikapita ya Ifo, ikasimama kwenye ya Lafey, kule Mandera, na namba ya simu ilikuwa pale pale.

Nilimpigia. Kimeru chake kimechakaa, lakini nilipolitaja jina lako alilia, nami nikashindwa kujizuia. Ana mke Msomali, Sharifo, na mbuzi wengi kuliko wetu wote. Yale mazishi bado yanamtia aibu.

Sasa nikuambie nililokuwa nalizunguka. Mwaka jana alipata namba yako kwa mfanyabiashara wa kutoka kwetu. Akaogopa kusema mwenyewe, akampa Sharifo simu. Sharifo akaomba kuzungumza na Baulina. Ukamjibu hapa hakuna Baulina, ukakata. Akapiga tena, ukakata. Mjomba akaamini umemkana.

Nimemwambia hukumkana, ulidhani ni matapeli tu. Jumapili ukitoka kanisani watapiga tena. Ataanza Sharifo, kwa maana mjomba bado anaogopa.

Wasalimie Ciku na majirani wote, na usisahau dawa ya goti. Na huyo mama akikuita Baulina, tafadhali itika.

Mwanao akupendaye,
Koome