Simu Iliyokuwa Ikimpamba Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Picha zangu ni aibu tupu. Nasuka kwa saa sita nzima, vidole vinakufa ganzi, halafu simu inanitolea kitu kama kofia iliyolowa! Mistari ya nywele haionekani. Saluni ya jirani wanaweka picha unahesabu unywele mmoja mmoja. Wateja wanaenda huko, mimi nabaki nafagia. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye ninayempiga picha kila mtindo. Anasema tatizo si simu, ni mshika simu. Mdomo huo! Ana raha zake — mchumba anafika Jumamosi. Walijuana kwenye simu, uso kwa uso bado. Huko kwake video zinakatika, kwa hiyo ni picha tu. Mpigaji mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta lenzi kwa pindo la gauni. Mafuta ya nywele ya miezi mitatu! Kisha ukigusa skrini kinatokea kijua kidogo. Ukikivuta chini, nywele zinarudi kuwa nyeusi. Kumbe simu ikiona cheusi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, nywele zinakuwa kijivu. Na zoom nimeacha, nasogea kwa miguu yangu. Lakini mistari bado imefutika. Nani anaifuta?

Jumatano, 5 Machi
Nimemshika mwizi! Ndani ya kamera kuna kitu kinaitwa Urembo. Kilikuwa kumi kwa kumi tangu siku niliyonunua simu. Kinalainisha ngozi, na mistari ya kichwani kinaipitia humo humo. Nikakishusha hadi sifuri, nikampiga wifi picha. Mistari hiyo, imenyooka! Nikapiga kigelegele peke yangu.

Wifi akaomba aone. Akaikuza kwa vidole viwili, akasogeza shavu karibu. Makovu ya chunusi yote yapo, na ile alama ya kuungua shavuni, ya utotoni. Mimi nimemzoea, hata siyaoni.

Akauliza polepole, "Na zile nilizomtumia?"

Zote Urembo kumi. Nimeona haya mpaka basi.

Alhamisi, 6 Machi
Wateja wanne leo, wameona picha mpya! Mmoja kasema nimpige picha ya kisogo tu, uso wake niuache. Wifi kaninunia. Nikamshauri amtumie mchumba moja ya Urembo tano, tukutane katikati.

"Na Jumamosi, wifi, uso wangu nitauweka ngapi?"

Nikaenda kuosha vitana.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi kaja mwenyewe, kakaa dirishani. "Piga, Urembo sifuri," akasema. Mwanga wa pembeni ule hauna huruma, nikataka kumgeuza, akakataa. Haki ya nani, sijawahi kupiga picha nzuri vile. Akaandika chini yake: "Huyu ndiye utakayemkuta." Akatuma kabla sijameza mate.

Mchumba ameiona. Anaandika... Kaacha. Mteja wangu yupo kitini, nusu kichwa kimesukwa, naye kanyoosha shingo anachungulia. Anaandika tena. Kaacha tena — huyu mwanamume anaandika kitabu? Wifi bado kaninunia. Ila mkono wangu wa kushoto ameubana kweli kweli, hauachii, naandika kwa huu mmoja