Macho Mekundu ya Baba Mogaka

Gesima,
Posta ya Kisii.
12 Agosti, 1951

Mpendwa wifi Benta,

Nakusalimu sana, wewe na kaka yangu Machogu na watoto. Mko wazima huko Kisumu? Joto la ziwa bado linawapika? Sisi hatujambo. Wimbi tumevuna vizuri, na Mogaka wetu ameota meno, sasa ananiuma akinyonya.

Uliniuliza kama Baba Mogaka ameshabatizwa. Amebatizwa, wifi, lakini ilikuwa kazi.

Ubatizo ulipokaribia aliamka na macho mekundu kama pilipili, yameshikana kwa tongotongo. Akaenda Sabato hivyo hivyo. Mzee wa kanisa, Nyamongo, akamwambia mbele ya watu, "Angwenyi, pombe ya wimbi haijifichi. Ubatizo wako ungoje." Na mume wangu hajaonja pombe tangu tuoane. Siku hiyo hakula.

Mama mkwe alisema ni moshi wa kuni mbichi, nimkamulie maziwa yangu machoni kama walivyofanya wao zamani. Nikakamua. Haikusaidia. Mara Mogaka naye akashikwa, kisha mama mkwe, kisha mimi. Niliogopa mtoto asije akapofuka, nikambeba mpaka zahanati.

Dresa anayetibu pale, Ogada, ni mtu wa kwenu. Hakuuliza habari ya pombe. Aliuliza tunajifuta uso na nini. Nikamwonyesha shuka ninayombebea mtoto, maana hiyo ndiyo taulo ya nyumba yote. Akacheka, "Mama, ugonjwa umeubeba mgongoni, unautembeza." Akanipa dawa ya kupaka. Akasema maziwa ni ya mdomo wa mtoto. Macho tuoshe na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila mtu kitambaa chake, mikono tunawe na sabuni, na tusisugue. Jicho likiuma sana au lisipoona vizuri, turudi haraka.

Nilikuwa bado sijaichemsha ile shuka, Mzee Nyamongo akaja kumwonya Baba Mogaka. Akakuta nyumba nzima macho mekundu. Mama mkwe akamwinulia mtoto, "Na huyu, Mzee, alikunywa kwa nani?" Mzee akacheka mpaka machozi, akajifuta na shuka yangu kabla sijamzuia.

Sabato iliyofuata yeye ndiye aliyekuja na macho mekundu. Watu wakaanza kunong'ona. Baba Mogaka akasimama akasema, "Mzee hajanywa. Alijifuta na shuka ya mtoto wangu." Kanisa lote likacheka, na Mzee mwenyewe akatangaza kwamba Angwenyi ataingia majini pamoja na wenzake.

Sote tumepona. Siku ya ubatizo Mzee alisimama ukingoni mwa mto akiita, "Kila mtu na taulo yake!"

Basi mkija Desemba, wifi, njooni na taulo zenu. Uji nitawapa, kitanda nitawapa, shuka yangu hapana.

Mama mkwe anakusalimu, na dada Persis pia. Mungu awalinde macho na miguu mpaka mfike kwetu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Nyanchera, Mama Mogaka