Kurasa Arobaini na Moja za Ukungu

Kaka,

Shikamoo nimeizuia. Barua tatu nimekuandikia huko Dar es Salaam, zote nikaanza kwa shikamoo, hukujibu hata moja. Hii ya nne nimeipeleka gazetini, uisome pamoja na wenzako wa ofisini.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka chuoni na lile sanduku la kupimia? Tulilipakia kwenye lori pale Mombo, tukalimalizia kwa mabega mpaka juu ya shamba la baba. Ukaniambia, "Mdogo wangu, hewa ya juu kabisa, kilomita kama tisini, inatoa mwanga wake yenyewe usiku. Si nyota, si mwezi. Tutaupima." Mimi niliyeishia darasa la nne nikacheka. Ukanionyesha: weka kioo cha kwanza cha kuchuja mwanga, soma sindano ya kipimo, weka cha pili, soma tena. Namba zenyewe ndizo mng'ao. Gawanya moja kwa nyingine, tazama jedwali, unapata joto la huko juu. Baada ya wiki moja nilikuwa nagawanya kichwani kabla hujamaliza kuchonga penseli. Ulinisifu mbele ya mama. Siku ile nilikupenda sana.

Ukaenda zako mjini kufundisha, ukaniachia sanduku. Miaka miwili, kila usiku usio na mwezi, nilisoma sindano kila robo saa, tochi nimeifunga kitambaa chekundu, vidole vimekufa ganzi. Asubuhi nasinzia juu ya jembe kwenye shamba la kijiji, na balozi wetu wa nyumba kumi anapaza sauti: "Wee mpima giza! Jana umepata debe ngapi?" Watu wanacheka, nami nacheka. Nilijua ninachofanya.

Na ukungu wa kwetu unaujua. Unapanda kutoka bondeni bila hodi. Usiku wa ukungu niliandika tarehe na neno moja tu: ukungu. Namba hakuna. Kila usiku na ukurasa wake.

Wewe ukaona aibu. Yule mtaalamu wa ng'ambo uliyekuwa ukimpelekea vipimo alipokaribia kuja, ukachukua daftari langu ukalinakili "kwa mwandiko mzuri". Kila penye ukungu ukatia namba: ukachukua ya usiku uliotangulia na ya uliofuata, ukakata katikati. Kurasa arobaini na moja. Nimezihesabu mara tano.

Mgeni hakuwa mjinga. Alikuja na karatasi za kipimo cha mvua. Sebuleni kwa baba, chai iko mezani, akaweka kidole kwenye tarehe. "Usiku huu mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Anga mliionaje?"

Ukanitazama. Kisha ukasema, taratibu kabisa, "Aliyesoma ni mdogo wangu. Shule hakufika mbali."

Nikanyamaza. Kwetu mdogo hamkatalii mkubwa wake mbele ya mgeni, na baba alikuwa amekaa pale pale. Ulijua nitanyamaza. Ndiyo maana ulingoja baba aketi.

Sanduku likaondoka wiki ile ile, na kazi yote ikaandikwa kuwa haifai. Wewe ukapanda cheo. Balozi siku hizi hanitanii tena. Ananionea huruma, na hiyo inauma zaidi.

Sasa baba tumemzika. Sina tena wa kumnyamazia.

Usidhani naomba kazi. Kabichi zangu zinanilisha na watoto wanasoma. Ninachodai ni zile kurasa nyingine mia mbili na kumi na tatu, nilizosoma kwa macho yangu. Hizo ni za kweli, na umezizika pamoja na uongo wako.

Daftari la penseli ulinirudishia, ninalo, na neno ukungu liko mahali pake. Waandikie wale watu wa ng'ambo mistari miwili: kurasa hizi arobaini na moja nilizitunga mimi, zitoeni, zilizobaki ni kazi ya mdogo wangu. Ukishindwa, nitalipeleka daftari mwenyewe, nami nitasema mbele ya mgeni yeyote, wewe ukiwa umekaa hapo hapo.

Nakuacha na cheo chako.

Mdogo wako,
aliyesoma anga