Dakika Mbili za Dada Nakijwa

Mpendwa Dada Nakijwa,

Barua hii haina salamu. Najua utashangaa, maana tangu utoto ulikuwa ukinitania kwamba mimi nikitumwa chumvi kwa jirani, nitamsalimia mpaka mboga iungue. Leo naanza moja kwa moja. Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza.

Naiacha wazi, aisome atakayeisoma, kwa sababu wapo wenzetu hapa Minneapolis na Saint Paul wanaosema mpaka leo kwamba uliacha shule kwa kuchoka. Nimewasikia kwenye sherehe, sahani za pilau mkononi, wakisema yule dada yake mshereheshaji masomo yalimshinda, umri ulikuwa umekwenda. Nimewasikia nikanyamaza, mimi ninayesifiwa mji mzima kwa kusema. Masomo hayakukushinda. Hilo lijulikane kwanza.

Unakumbuka Jumapili zetu za kule Eden Prairie? Baada ya ibada tulikwenda kwenye maegesho ya ofisi yangu, kiwanja chote kitupu, nikakufundisha kuendesha gari. Ulikuwa na miaka arobaini na mbili, umefika juzi tu kwa bahati nasibu ya green card, na maishani mwako hukuwahi kushika usukani, hata wa baiskeli. Ulikuwa ukiwasha indiketa kila kona ilhali hapakuwa na gari jingine wala mbwa. Nilikucheka. Ukanijibu bila kuondoa macho mbele, "Sheria ni sheria, hata kama hakuna anayeiona." Ndivyo ulivyokuwa, na ndivyo ulivyowachukulia watu wa bunge baadaye.

Kazi uliipata kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley, usaidizi wa wauguzi. Ulikuwa ukiwaogesha, ukiwalisha, ukiwageuza kitandani wasipate vidonda. Ulikuwa na daftari dogo mfukoni mwa sare, umeandika humo kila jambo ambalo manesi walikuwa wakilifanya na wewe hukuruhusiwa. Uliniambia siku moja kwamba wewe ndiye unayemwona mzee amebadilika rangi kabla ya mtu yeyote, halafu unasimama pembeni kumsubiri mwenye cheti aje aone ulichokwisha kuona. Hapo ndipo ulipoamua kusoma.

Chuo kilikuwa kidogo, cha umma, kule upande wa Savage, njiani kabisa kati ya nyumba yako na barabara ya kazini. Ulikuwa ukichukua masomo mawili kila muhula, mengine yangesubiri, kwa sababu wazee hawasubiri. Jimbo lilikuwa likiwalipia ada watu kama wewe, wanaohudumia wazee na kusomea unesi katika chuo hicho. Barua ya ufadhili ulipoipata uliileta kwangu tuisome pamoja, kisha ukaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na hukutaka nikuulize kwa nini Zaburi.

Halafu ukaja muswada. Mimi nilikuwa nimeusikia redioni nikiendesha gari: vyuo vya umma viunganishwe, vidogo viingie ndani ya vikubwa, ili jimbo lisiendeshe ofisi mbili mahali pa moja. Nikadhani ni habari ya kubadilisha vibao. Wewe ulikwenda maktaba ya chuo ukauchapa wote, ukausoma na kamusi pembeni, ukaja kwangu Jumamosi na rundo zima chini ya kwapa. Ulifungua karibu na mwisho, mahali ulipopaka wino wa njano. Chuo chako kitaunganishwa na kikubwa cha upande wa pili wa mji. Ufadhili wa ada utahamia huko, ila watapewa wanaosoma muda wote. Wewe ulikuwa unasoma nusu muda, na ulikuwa umebakiza mihula miwili.

"Hapa ndipo wanaponitoa," ukasema. Hukukasirika. Uliweka kidole pale kama mtu anayemwonyesha fundi mahali nguo ilipochanika, ukiamini kwamba fundi akiona atashona.

Na ulikuwa umekwisha kufuatilia. Ulipiga simu ukaambiwa kwamba mkazi yeyote anaweza kuja kusema mbele ya kamati ya bunge la jimbo, awe raia au asiwe, dakika mbili kila mmoja. Ukatoa karatasi ya pili, ya mkono wako, ambayo sasa naijua kwa moyo. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini ilisema hivi: Jina langu ni Nakijwa. Nina miaka saba nawahudumia wazee wa jimbo hili. Nasoma nusu muda kwa sababu nusu nyingine niko na wazee. Nimebakiza mihula miwili niwe nesi. Naomba msiniondolee ufadhili wangu. Asanteni. Basi. Ulikuwa umeisoma jikoni kwako huku ukiitazama saa ya microwave, ukaona haifiki hata dakika moja.

Ulitaka niisome mimi. Ulisema maikrofoni huiwezi, jambo ambalo ni kweli, maana hata kanisani ukiombwa kutoa neno ulikuwa ukimsukuma jirani. "Wewe ndiye mwenye mdomo," ukaniambia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa. Ni mimi niliyekuwa nikiongoza harusi na misiba yote ya Watanzania wa hapa, na baadhi ya Wakenya. Nilikuwa siruki cheo cha mtu. Wale washereheshaji wa haraka wanaosema itifaki imezingatiwa, kisha wanaendelea, nilikuwa nikiwaona wavivu.

Nikaitazama karatasi yako nikakuambia, "Dada, hii ni kavu mno. Huwezi kuingia nyumbani kwa watu ukaanza na shida yako."

Ulinitazama, ukaitazama karatasi. Ukanikumbusha kwamba ni dakika mbili. Nikasema niachie mimi. Ukaniachia.

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na Saint Paul yote ilikuwa nyeupe. Uliomba ruhusa ya saa chache, ukaja na sare yako ya maua ndani ya lile koti zito. Mimi nilivaa suti ya harusi. Nilitarajia ukumbi mkubwa, kumbe ni chumba cha kawaida chenye viti kama vya zahanati, wajumbe wamekaa na vikombe vya kahawa, na mezani kuna kitaa kidogo cha kuonyesha muda. Waliotutangulia walikuwa wakisema harakaharaka, wengine hata habari za asubuhi hawakusema. Niliwaonea huruma, nikadhani hawakulelewa.

Wakaliita jina langu. Nilimsalimu mheshimiwa mwenyekiti, nikamsalimu makamu wake, nikawasalimu wajumbe wa upande wa kulia na wa upande wa kushoto, makatibu, na wageni waalikwa, ingawa hapakuwa na mgeni aliyealikwa. Nikaleta salamu za Watanzania wote waishio katika jimbo lile. Nikalishukuru jimbo kwa kutupokea, pamoja na baridi yake, na wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Nikampa pole mjumbe mmoja ambaye nilisoma gazetini kwamba amefiwa na baba yake, na nikaona macho yake yakilainika. Nikasema kwamba baada ya hayo machache, kwa heshima na taadhima, naomba sasa nije kwenye lile lililonileta. Kitaa kikawa chekundu.

"Asante sana, bwana," mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa. "Muda wako umekwisha. Anayefuata."

Karatasi yako ilikuwa bado mfukoni mwangu, imekunjwa. Niliomba sekunde chache, akatikisa kichwa kwa huruma, kwamba akinipa mimi atawapa wote. Nilipogeuka nilikuona umefungua mkoba wako unatafuta kitu ndani. Hapakuwa na kitu ulichokuwa unakitafuta. Ulikuwa hutaki nikuone uso.

Nilikurudisha kazini kwa gari, tukavuka mto na kuanza kuingia Golden Valley. Hapo ukasema, "Umesalimia vizuri, mdogo wangu." Maneno hayo nimeyageuza kwa miaka. Yangekuwa ya kejeli ningepumua, ningekuwa nimelipwa ninachostahili. Hayakuwa ya kejeli, Dada. Ulimaanisha. Ukashuka, ukalishika koti shingoni, ukaenda kwa wazee wako.

Muswada ukapita theluji ilipoyeyuka. Nilimpigia simu kijana mmoja wa ofisi ya mjumbe, nikamweleza yote, nikamwuliza kama ningesema maneno yako ingekuwaje. Alikuwa mwungwana. Aliniambia nisijilaumu, kura zilikuwa zinajulikana kabla hata sijaegesha gari. Alitaka nifarijike. Tangu siku ile sijui niombe nini. Kama anasema kweli, basi hata wewe, na indiketa zako zote, hukuwa na njia, na zile dakika mbili zilikuwa za kutuchangamsha tu. Kama si kweli, basi ni mimi. Nikiamka na hili nalala na lile, na hakuna hata moja ninaloweza kulifanyia kitu.

Ulijaribu muhula mmoja kwa mshahara wako. Chuo kipya kilikuwa mbali, barabara za barafu, unatoka kazini umechoka unashika usukani kwa mikono yote miwili kama nilivyokufundisha. Ukaacha kabla muhula haujaisha. Mama akaugua, ukasema unakwenda kumwona miezi mitatu. Kwenye uwanja wa ndege ulinipa funguo za gari lako ukaniambia nisiliuze kwanza. Sijaliuza. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka miwili, na kwenye simu ulikuwa ukiniambia habari za mvua na tangawizi. Binamu yetu Elinihaki ndiye aliyenisimulia kwamba pale kijijini ulikuwa ukipima watu presha na kuwafunga vidonda, wakakuita nesi, nawe kila mara ukawasahihisha kwamba bado, umebakiza mihula miwili.

Kisha moyo wako ukasimama, asubuhi moja, ukichota maji. Mimi pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kwa watu wa uhamiaji na karatasi zangu hazijatoka. Ningeondoka, nisingerudi. Wewe ungekuwa wa kwanza kuniambia sheria ni sheria.

Mazishi yalikuwa saa kumi alasiri kwenu, saa mbili asubuhi huku. Nilinunua kadi ya simu kwenye duka la Msomali, nikaenda kukaa garini pale pale kwenye maegesho ya Eden Prairie, kabla wafanyakazi hawajajaa. Elinihaki alikuwa ameahidi kuiweka simu yake kwenye kipaza sauti ili nitoe neno kwa niaba ya ndugu walio mbali. Nikasubiri. Kwaya ikaimba beti zote. Mshereheshaji akamtambua mchungaji, akamtambua diwani, akamtambua mwenyekiti wa kijiji, akawatambua walimu wastaafu, mmoja mmoja, kwa majina na vyeo, bila kuruka hata mmoja. Alikuwa hodari sana. Nilimsikiliza huku dakika zangu zinakwenda, na nikajisikia mimi mwenyewe nikisema.

Elinihaki aliponiambia sema, ile sauti ya mashine ya kadi ilikuwa imekwisha kunitangazia kwamba imebaki dakika moja. Nilikuwa nimeandaa wasifu wako, kurasa mbili. Sikuugusa. Sikuwasalimu wafiwa, sikumsalimu mchungaji, hata Mama sikumpa pole. Nilifumba macho nikasema, "Jina lake ni Nakijwa. Ana miaka saba anawahudumia wazee wa jimbo hili. Anasoma nusu muda kwa sababu nusu nyingine yuko na wazee. Amebakiza mihula miwili awe nesi. Naomba msimwondolee ufadhili wake. Asanteni."

Baba mdogo amekasirika. Amesema mbele ya ukoo kwamba Amerika imeniondolea adabu, nimeingia msibani kwa watu bila hodi, nikaanza kudai mambo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Ni kweli, na sijajitetea. Ningeanzia wapi?

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia yeye wala mtu mwingine, nakuambia wewe. Nilipomaliza, simu haikukatika. Niliishika sikioni, nikasikia upepo kwenye kipaza sauti, nikasikia mtu akikohoa, na kadi bado ilikuwa inahesabu. Karatasi yako ilitosha, Dada. Ilibaki hata nafasi ya kusalimia.

Pumzika. Gari lako nitaliwasha Jumapili, betri isife.

Mdogo wako, uliyemwachia karatasi