Mama Mkwe Ameegemea Majani

Tata,

Shikamoo, baba. Mama hajambo. Migomba uliyoipanda nyuma ya jiko imezaa mikungu mizito, naye anaisifu kana kwamba aliipanda yeye.

Unakumbuka kitenzi chako? Tangu mchungaji mgeni alipokufundisha kuwa watu walipoketishwa majanini wakapewa mikate na samaki, Kigiriki kinasema anapipto, yaani kuegemea, hatukupumua kwa mahubiri yako. "Hawakuchuchumaa! Waliegemea, kama watu wa karamu wasio na haraka ya kuondoka! Na Bwana mwenyewe alikaa hivyo hivyo na wanafunzi wake kwenye chakula cha mwisho!" Nawe ukajilaza kwenye majani tunayotandaza sakafuni sebuleni, kiwiko chini, kutuonyesha. Mama akakufokea kwa ajili ya kanzu. Ukasema mgeni wako yeyote ataegemea, mwinjilisti hahubiri kitu asichokifanya.

Mama mkwe wangu akakushinda. Tangu Deo anioe kwao Kaisho, wao Wakatoliki na sisi Walutheri, kila mama yake alipokuja hapa Nyakakika alikaa kwenye kigoda mlangoni, kikapu magotini. Ukimpa kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni, anapokea kwa mikono miwili, anaifunga kwenye pindo la kanga. Hatafuni hata punje. Iliniuma, Tata. Nilijua ni mimi anayenikataa. Wewe ukasema tu, "Tandaza majani, mwanangu."

Basi sikia. Juzi tulianua matanga yako, naye akaja. Majani nilikuwa nimeyatandaza mabichi, na kigoda chake nimekiweka palepale mlangoni. Akakipita! Akaenda kukaa katikati ya shangazi zangu, akanyoosha miguu, akaegemea kiwiko. Kisha akafungua pindo la kanga.

"Kahawa ya mzee hii," akasema. "Nilikuwa naitunza mpaka siku nitakayokaa majanini kama mtu wa nyumbani. Nimechelewa. Mwanangu, njoo tutafune."

Mwanangu! Hakuwahi kuniita hivyo. Nilitafuna huku nalia na kucheka, na shangazi wakadhani kahawa ni chungu. Ningetoa chochote uwe pale umwone. Alikula ndizi na maharage, akaongezwa, akalala hapohapo mpaka asubuhi, na anakoroma, Tata, kukushinda wewe.

Lala salama, baba yangu. Kila nikija kwa Mama nitakata majani mapya kama ulivyonifundisha. Kigoda nimekipeleka jikoni, kuku wanakipenda.

Binti yako,
Kokushubira